Olof Palme: nani alivuta kifyatulio? Nadharia ya makaburu na kwa nini siimezi yote

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila ikikaribia mwisho wa Februari nakutana na stori ile ile inasambazwa: "Olof Palme aliuawa na makaburu kwa sababu alisimama na Waafrika." Inaandikwa kwa uhakika wa mtu aliyesoma hukumu. Hakuna mahakama iliyowahi kusema hivyo. Kesi hii naifuatilia kitambo, kwa hiyo leo nataka tuichambue taratibu, maana nadharia zimekuwa nyingi kuliko mashahidi.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Ijumaa tarehe 28 Februari 1986, Stockholm. Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, anatoka sinema ya Grand akiwa na mkewe Lisbet. Walinzi alikwisha waruhusu mapema siku hiyo, jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida. Alipenda kutembea kama raia yeyote. Wanashika barabara ya Sveavägen kwa miguu. Saa 5:21 usiku, kwenye kona ya Tunnelgatan, mwanamume anawajia kwa nyuma na kumpiga Palme risasi moja ya mgongoni kwa karibu kabisa. Ya pili inamparuza Lisbet. Muuaji anaingia Tunnelgatan, anapanda ngazi za kwenda Malmskillnadsgatan, na hadi leo hajashuka. Palme alitangazwa kufariki hospitali ya Sabbatsberg saa 6:06 usiku.

Kilichofuata ndicho kilichozaa kila porojo mnayoisoma. Polisi walizungushia utepe kieneo kidogo mno. Watu wakaja na maua, wakakanyaga palipotakiwa kupekuliwa. Risasi zote mbili ziliokotwa na wapita njia, moja Jumamosi asubuhi, nyingine Jumapili. Hebu fikirini: kiongozi wa nchi ameuawa, na kipande cha ushahidi kinaletwa polisi na mtu aliyekuwa anapita zake.

Kwa hiyo mkononi kuna nini? Risasi mbili za aina ya .357 Magnum. Mashahidi zaidi ya 20, wengi wao waliona koti na mgongo unaokimbia. Bastola haijawahi kuthibitishwa. Hakuna vinasaba vya muuaji. Ukiwa na pengo kubwa namna hiyo, yeyote anaweza kulijaza apendavyo, na watu wamelijaza kweli: makaburu, CIA, KGB, Wakurdi wa PKK (kundi lao la wapiganaji), polisi wa Stockholm wenyewe, wauza silaha, kundi la siri la Masoni (Freemason) wa Italia. Zaidi ya watu 130 wamejitokeza kukiri kwamba wao ndio waliomuua.

Nimeanza. Shusheni nondo.

Mwiba wa Samaki

Nimevuta kiti. Ila watu 130 kukiri mauaji ya mtu mmoja? Yaani foleni ilikuwa mpaka wapi?

Jongoo Mwendo

Mleta uzi, usituzungushe. Wiki moja kabla ya kifo, tarehe 21 Februari 1986, Palme alihutubia mkutano wa wananchi wa Sweden dhidi ya ubaguzi wa rangi, kiongozi wa ANC Oliver Tambo akiwepo. Akasema waziwazi kwamba mfumo ule haurekebishiki, unapaswa kufutwa. Na Sweden haikuishia kwenye maneno: ilikuwa inaipa ANC fedha kwa miaka mingi, wakati nchi nyingi za Magharibi bado zinawaita magaidi.

Sasa angalia rekodi ya makaburu. Machi 1982 wanalipua ofisi ya ANC London. Agosti 1982 mwanaharakati Ruth First anauawa kwa bomu la kwenye bahasha, Maputo. Juni 1984 mwanaharakati mwingine, Jeanette Schoon, na bintiye mdogo, Lubango, Angola, bomu la kifurushi. Septemba 1986, miezi michache baada ya Palme, ofisi ya ANC hapo hapo Stockholm inalipuliwa. Halafu unatuambia tusiwanyooshee kidole? Mwaka 1996 Eugene de Kock, kamanda wa Vlakplaas, kikosi cha mauaji cha polisi wa makaburu, akiwa kizimbani Pretoria, akamtaja Craig Williamson, jasusi wao, kuhusika. Si mimi niliyesema, ni mtu wa ndani.

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Jongoo, umeleta hoja yenye nguvu kuliko zote, ndiyo maana naichukulia kwa uzito. Sijasema makaburu walikuwa malaika. Nia walikuwa nayo, uwezo wa kuua nje ya mipaka walikuwa nao, na Williamson mwenyewe aliomba msamaha mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano kwa ajili ya London, Ruth First na akina Schoon, akapewa. Hilo halina ubishi.

Lakini tazama de Kock alitoa nini hasa. Hakusema "nilikuwepo" wala "niliagiza". Alieleza alichodai kukifahamu kutokana na mtandao wao, akiwa anakabiliwa na hukumu nzito na akitafuta kuonyesha kwamba waliokuwa juu yake nao wana damu mikononi. Williamson alikana. Wapelelezi wa Sweden walisafiri hadi Afrika Kusini mwaka huo huo wa 1996, wakahoji, wakarudi bila kitu cha kusimama nacho mahakamani.

Kinachonisumbua zaidi ni namna ya kuua. Palme na mkewe waliamua kwenda sinema jioni ile ile. Baada ya filamu wakaamua kutembea badala ya kupanda treni. Njiani wakavuka barabara kwenda upande wa pili kutazama dirisha la duka. Nani angepanga mauaji ya kimataifa kwenye kona ambayo mlengwa mwenyewe hakujua kwamba atafika? Mzigo ulio mbele yako, Jongoo, ni kueleza walijuaje.

Jongoo Mwendo

Walimfuata toka nyumbani. Simu inasikilizwa. Kwani ni ngumu?

Na hoja yako ya "namna ya kuua" ina tundu. Dulcie September, mwakilishi wa ANC Paris, tarehe 29 Machi 1988. Hakukuwa na bomu wala bahasha. Risasi, kwa karibu, mlangoni mwa ofisi. Kesi yake nayo haijapata mhusika. Kwa hiyo usiseme makaburu walikuwa watu wa mabomu tu.

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Mfano wa Dulcie ni mzuri, na ukiuangalia kwa karibu unaonyesha tofauti. Aliuawa mahali alipofika kila siku ya kazi, asubuhi, na kwa silaha iliyofungwa kizuia sauti. Hapo unaona mtu aliyesoma ratiba. Kona ya Sveavägen unaona revolva kubwa inayopiga kelele mtaa mzima, muuaji anaacha shahidi hai amesimama hatua moja kutoka kwake, kisha anakimbilia ngazi kwa miguu. Inawezekana ikawa kazi ya kikosi, sikatai. Lakini ukiletewa tukio hilo bila jina la marehemu, ungewaza majasusi?

Shahidi wa Kona

Wote mnapita pembeni. Mnasahau watu wenye redio za mkononi. Mashahidi kadhaa walisema jioni ile kulikuwa na wanaume maeneo ya katikati ya Stockholm na karibu na nyumbani kwa Palme wakizungumza kwa redio. Nani alikuwa na redio za mkononi mwaka 1986? Polisi. Na ndani ya polisi wa Stockholm kulikuwa na kundi la siasa kali za kulia lililomchukia Palme kama sumu. Utepe mdogo, risasi kuokotwa na raia, muuaji kuachwa aende zake: mnaita uzembe, mimi naita mpango.

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Shahidi, hapa ndipo kesi hii inapowapoteza watu wenye akili. Uzembe na njama huacha nyayo zinazofanana. Polisi aliyezunguka eneo vibaya kwa kuwa ni usiku wa Ijumaa, hana uzoefu na haamini macho yake, na polisi aliyezunguka vibaya kwa makusudi, wote wanakuachia utepe ule ule mdogo. Ukishaamini njama, kila kosa linageuka kuwa ushahidi, na kadiri makosa yanavyozidi ndivyo imani inavyokomaa. Polisi wa Sweden walitoa makosa ya kutosha kulisha vizazi vitatu.

Redio za mkononi, nazo zilichunguzwa. Tatizo ni kwamba ushuhuda mwingi wa aina hiyo uliletwa baada ya magazeti kuandika habari za redio. Kumbukumbu ya mtu si jiwe.

Mwiba wa Samaki

Sasa na wale Wakurdi waliingiaje? Naona wametajwa tu juu juu.

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote. Watu hudhani nadharia za njama zinatoka vijiweni wakati serikali inajaribu kuzizima. Kwenye kesi ya Palme, serikali ndiyo iliyokuwa mbele.

Upelelezi ulikabidhiwa Hans Holmér, mkuu wa polisi wa mkoa wa Stockholm. Bwana huyu alishika wazo moja: PKK. Akalishikilia karibu mwaka mzima, akiwa na mikutano ya wanahabari iliyomfanya awe maarufu kama mchezaji wa mpira. Januari 1987 ukafanyika msako mkubwa, Wakurdi wakakamatwa, na karibu wote wakaachiwa haraka kwa kuwa hakukuwa na cha kuwashtaki nacho. Holmér akajiuzulu.

Ungedhani wazo la PKK lingekufa hapo. Wapi! Mchapishaji wa vitabu aitwaye Ebbe Carlsson, raia wa kawaida mwenye marafiki wakubwa, akaanzisha upelelezi wake binafsi wa kuendeleza wazo hilo hilo, huku Waziri wa Sheria Anna-Greta Leijon akimpa barua ya kumuunga mkono. Mwaka 1988 vifaa vya kunasa mazungumzo vikakamatwa na forodha Helsingborg vikiingizwa nchini kimagendo. Kashfa ikalipuka, waziri akajiuzulu Juni mwaka huo.

Soma tena taratibu: Waziri wa Sheria wa Sweden alipoteza kazi kwa sababu ya nadharia ya njama. Baada ya hapo unamshangaa vipi fundi viatu anayeamini kwamba CIA ilihusika? Na walioumia si Holmér wala Carlsson. Ni Wakurdi waliokimbilia Sweden kama wakimbizi, wakaishi miaka mingi na lebo ya kuua Waziri Mkuu.

Karani Mstaafu

Naongezea upande wa sheria, maana niliutumia ujana wangu kwenye masjala za mahakama na suala la gwaride la utambulisho nalijua.

Desemba 1988 Lisbet Palme alionyeshwa gwaride la video, akamchagua Christer Pettersson, mtu mwenye rekodi ya ukatili na ulevi ambaye aliwahi kuua mtu mwaka 1970. Julai 1989 mahakama ya wilaya ikamhukumu kifungo cha maisha. Miezi michache baadaye mahakama ya rufaa ikamwachia huru, na akalipwa fidia. Alifariki mwaka 2004.

Kwa nini aliachiwa? Kabla ya gwaride, Lisbet alikwisha dokezwa kwamba mtuhumiwa ni mlevi. Alipoonyeshwa video maneno yake ya mwanzo yakawa kwamba mlevi anaonekana wazi. Na zilikuwa zimepita karibu miaka 3 tangu usiku ule. Gwaride la namna hiyo hata karani mgeni analitilia shaka. Si kwamba mjane alidanganya. Swali lilikwisha kuwa na jibu ndani yake kabla hajaulizwa. Bila utambuzi ule, hakukuwa na silaha, hakukuwa na sababu ya wazi, jalada likawa tupu. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kumshtaki upya.

Waswidi wengi hadi leo wanaamini ni yeye. Inawezekana. Ila mahakama haifungi mtu kwa "inawezekana".

Shahidi wa Kona

Mbona mnamkwepa mtuhumiwa wa KWANZA? Victor Gunnarsson, alikamatwa Machi 1986, akaachiwa, akahamia Marekani, na huko akauawa. Mwili ulikutwa porini North Carolina Januari 1994. Muuaji? POLISI. Na hiyo nayo ni bahati mbaya?

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Polisi wa zamani, ndiyo. Alihukumiwa mwaka 1997, na kisa kilikuwa wivu wa mapenzi: Gunnarsson alikuwa na uhusiano na mwanamke aliyewahi kuwa mchumba wa mtu huyo. Ukisimulia nusu ya kwanza peke yake, nywele zinasimama. Ukimalizia, ni mauaji ya wivu kama mengine. Nadharia nyingi za kesi hii zinaishi kwa kukatwa katikati namna hiyo.

Ile ya simu ya maandishi (telegramu) ya Licio Gelli, mkuu wa wale Masoni wa Italia, kwamba "mtende wa Sweden utaangushwa", iko kundi hilo hilo. Ilivuma kupitia televisheni ya Italia mwaka 1990. Ni sentensi tamu, inapendeza kusimulia, lakini simu yenyewe haijawahi kuwekwa mezani ikathibitishwa. Na kampuni ya silaha ya Sweden, Bofors, kuuzia India mizinga mwaka 1986, rushwa ilikuwepo, ilifichuliwa na redio ya Sweden mwaka 1987. Rushwa kuwepo hakumweki mtu na revolva kwenye kona ile.

Mwiba wa Samaki

Kwani hii kesi haikufungwa 2020? Walimtaja mtu kabisa.

Karani Mstaafu

Walimtaja, ndiyo. Tarehe 10 Juni 2020 mwendesha mashtaka Krister Petersson alimtaja Stig Engström, msanifu wa michoro wa kampuni ya bima ya Skandia, ambayo ofisi zake zilikuwa hatua chache kutoka kona ile. Akasema hawezi kumwepuka kama mshukiwa, na kwa kuwa alifariki mwaka 2000, upelelezi unafungwa.

Angalia msingi wake. Engström alitoka kazini dakika zile zile. Alijitokeza mwenyewe kwa wanahabari akidai aliwahi eneo la tukio na kusaidia, lakini mashahidi wengine hawakumkumbuka hivyo. Mavazi yake yalifanana na maelezo ya baadhi yao. Aliwahi kuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Basi. Silaha hakuna, vinasaba hakuna. Ni ushahidi wa mazingira mwanzo mwisho, dhidi ya marehemu asiyeweza kuweka wakili. Familia ya mtu ikabaki na jina hilo, na hakukuwa na rufaa ya kukata kwa sababu hukumu haikuwepo.

Kwangu mimi, lile lilikuwa tamko la ofisi iliyochoka. Jalada lilikwisha fika mita 250 za rafu.

Jongoo Mwendo

Asante mzee Karani! Na Machi ile ile ya 2020 wapelelezi wa Sweden walikutana na idara ya ujasusi ya Afrika Kusini Pretoria. Watu wote tukajua jibu linakuja. Miezi 3 baadaye tunapewa mchora matangazo! Hapo hamuoni kitu?

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Naona kwamba walikwenda kuuliza, kama ilivyotakiwa, na walichopewa hakikutosha kubadilisha mwelekeo. Lakini ngoja nikusaidie hoja yako, maana unaacha silaha yako kubwa kabatini. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilibaini kwamba mwaka 1993, wakati utawala wa makaburu unaondoka, idara yao ya ujasusi iliteketeza takriban tani 44 za nyaraka. Kwa hiyo mtu akikuambia "hakuna karatasi inayowataja makaburu", una haki ya kumjibu kwamba karatasi zilipelekwa kwenye tanuri.

Ubaya wake ni kwamba moto huo unakata pande zote mbili. Kilichoungua huwezi kukitumia kama ushahidi kwamba kilikuwa kimeandika unachotaka wewe.

Ukiniuliza ninavyoona: makaburu wako juu kwenye orodha yangu ya wenye nia, na chini kwenye orodha ya waliothibitishwa kuwa Stockholm usiku ule. Mtu mmoja mwenye chuki na bastola, aliyekutana na Palme kwa bahati, ananiingia akilini zaidi. Najua haliridhishi. Mtu aliyesimama na Mwalimu na Kaunda, aliyeitukana Marekani kwa ajili ya Vietnam, auawe na mpita njia? Moyo unakataa. Unataka muuaji anayelingana naye kimo.

Mwiba wa Samaki

Na ile bastola ya ziwani? Nilisikia wazamiaji waliipata.

Kasuku Mkavu (mleta uzi)

Hiyo ni ya mwaka 2006. Kulikuwa na revolva ya Smith & Wesson iliyohusishwa na ujambazi wa Mockfjärd mwaka 1983, na risasi zilizotumika pale zilifanana kimadini na zile za Sveavägen. Ikapatikana ziwani huko Dalarna. Ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba majaribio hayakuweza kusema ndiyo wala hapana. Sheria ya Sweden ilifuta ukomo wa miaka 25 kwa kesi za mauaji mwaka 2010, kwa hiyo bastola nyingine ikitokea kesho, bado ina pa kupelekwa.

Jongoo Mwendo

Mimi nabaki na makaburu wangu. Ila swali la walijuaje kona ile sijalimaliza, nitarudi nalo. Na uzi wa Dulcie September uufungue wewe, kwani huko nina vitu vingi kuliko huku.

Karani Mstaafu

Ukiufungua niite. Wafaransa walifunga upelelezi wake mwaka 1992, na sababu walizotoa nina maswali nazo.